Chai ya Mulindi, Chai ya Gisovu

Ukivuka mpaka wa Gatuna ukitokea Kabale, chai ya Rwanda unaikuta chini bondeni. Sisi wa Bomet na Kericho tumezoea chai ya vilimani, inayopanda na kushuka na kupanda tena mpaka inapokutana na msitu wa Mau. Bonde kwetu ni la nepia na ng'ombe. Mulindi ni kinyume. Bonde zima lilikuwa kinamasi. Likachimbwa mitaro, maji yakaondolewa, chai ikapandwa kwa mistari iliyonyooka, na milima ya pande zote mbili ikaachiwa maharage, viazi na nyumba za watu. Dereva alipoegesha basi tulishuka wote, na kabla mwongozaji wetu hajafungua kinywa wakulima walikuwa wameshaingia shambani, wanashika majani, wanachungulia mitaro, wanabishana kama vichaka vimepogolewa mwaka huu au mwaka jana.

Tulikuwa kundi la wakulima wadogo kutoka Merigi na Kembu, pamoja na wengine tuliowachukua Litein tukielekea Kericho. Kilichotutoa nyumbani ni bei. Chai ya Rwanda husafirishwa kwa barabara hadi Mombasa, inakatiza nchi mbili au tatu, na bado mara kwa mara ndiyo inayoongoza kwa bei mnadani, huku yetu ya upande wa magharibi ya Bonde la Ufa ikivuta mkia. Mkulima aliyepokea bonasi ndogo Oktoba ana haki ya kwenda kuona kwa macho yake jirani anafanya nini. Walioandaa safari waliigawa ratiba: asubuhi viwanda na mashamba, mchana makumbusho ya vita na ya mauaji ya kimbari ya Watutsi ya 1994. Baadhi ya wenzangu waliichukulia sehemu ya pili kuwa ya kujaza siku tu. Mimi niliitaka hiyo hasa, ingawa sikusema.

Mwongozaji alikuwa mwanamume wa makamo, mtoto wa wakimbizi wa 1959. Alizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, na aliingia Rwanda kwa mara ya kwanza 1994 akiwa juu ya lori pamoja na wazazi wake na magodoro yao. Kiswahili chake kilikuwa cha Kagera, cha taratibu na adabu. Alitungoja tumalize kupapasa chai, kisha akasema: "Wazee wangu, mama zangu, hapa mlipokanyaga palikuwa makao makuu ya jeshi."

Vita vilianza tarehe 1 Oktoba 1990, waasi wa RPF walipovuka kutoka Uganda pale Kagitumba. Siku ya pili tu kamanda wao, Fred Rwigema, akauawa. Paul Kagame alirudi kutoka masomoni Marekani, akalikusanya upya jeshi lililotawanyika, na baada ya muda wakaiteka sehemu ya kaskazini na kuweka makao yao katika mashamba haya ya chai. Kutoka hapa ndipo wajumbe walikwenda na kurudi kwenye mazungumzo yaliyozaa mkataba wa Arusha, tarehe 4 Agosti 1993. Kutoka hapa ndipo wanajeshi 600 walipakiwa kwenye magari Desemba hiyohiyo kwenda kukaa katika jengo la bunge mjini Kigali. Leo pana makumbusho, na handaki alimolala Kagame bado lipo. Unashuka ngazi, unainama, unajikuta katika vyumba vidogo vya chini ya ardhi. Mzee mmoja wa kwetu, aliyewahi kuwa naibu chifu, alitoka humo akipangusa goti na kuuliza swali ambalo hakuna mwingine aliyelifikiria: wakati huo wote, majani nani alikuwa akiyachuna? Mwongozaji akamjibu kwamba vita havichuni chai. Mkulima yeyote anajua kichaka kisichochunwa kinageuka kuwa nini: kinarefuka, kinakuwa mti, na mtu mzima anaweza kusimama ndani yake asionekane.

Akatuambia jambo jingine ambalo lilinishika. Félicien Kabuga, tajiri aliyeshtakiwa kwamba fedha zake zilisaidia redio ya chuki ya RTLM na wanamgambo wa Interahamwe, ni mtu wa mkoa huuhuu wa zamani wa Byumba, na utajiri wake ulijengwa juu ya chai. Jina lake sisi Wakenya hatukuhitaji kufundishwa. Mwaka 2002 Wamarekani waliitoa picha yake katika magazeti ya Nairobi pamoja na zawadi ya dola milioni 5 kwa atakayewezesha akamatwe, kwa sababu kwa muda ilisadikiwa amejificha nchini mwetu. Alikamatwa Mei 2020 karibu na Paris, mzee sana, na kesi yake ikasimamishwa 2023 baada ya majaji kuridhika kwamba akili yake haiwezi tena kuifuata. Kwenye basi watu walinyamaza kidogo, kisha wakarudi kwenye mazungumzo ya mbolea.

Gisozi, makumbusho makuu ya Kigali, nitaipita haraka, maana mengi yameandikwa juu yake na wageni wengi huishia hapo. Wamezikwa hapo watu zaidi ya 250,000. Kuna chumba cha watoto, picha kubwa, na chini ya kila picha jina, chakula alichokipenda na namna alivyouawa. Wanawake wetu walitoka mapema wakakaa nje kwenye bustani.

Nyamata ndiko nilikosimama muda mrefu. Ni kanisa la matofali katika wilaya ya Bugesera, kusini mwa Kigali, mahali ambapo Watutsi walikimbilia Aprili 1994 wakiamini kwamba nyumba ya Mungu haiingiliki. Ukiingia, mabenchi yote yamejaa nguo za waliouawa. Zimerundikwa hadi rangi zimekufa, zote zimekuwa za udongo mmoja, na ni lazima uinamishe kichwa ndipo uanze kutofautisha kola ya shati, ukanda wa gauni, sweta ya mtoto iliyofumwa kwa mkono. Altareni kuna kitambaa chenye madoa. Paa la mabati limetobolewa na risasi na vipande vya mabomu ya kurusha kwa mkono, na mwanga unapenya katika matundu hayo na kuangukia zile nguo. Makaburi ya pamoja yako nyuma ya kanisa. Eneo hilo lina miili ipatayo 45,000. Nje kuna kaburi moja peke yake, la mwanamke Mwitaliano, Antonia Locatelli, aliyeuawa Machi 1992 baada ya kuyaambia mashirika ya habari ya nje kwamba Watutsi wa Bugesera wanauawa. Miaka miwili kabla! Dunia iliambiwa, na aliyeiambia akalipia kwa uhai wake.

Mwongozaji alieleza kwa nini Watutsi walikuwa wengi Bugesera. Baada ya machafuko ya 1959 walihamishwa kwa nguvu kutoka kaskazini na kutupwa huko, wakati huo pakiwa pori la mbung'o na malale, serikali ikitarajia kwamba wengi hawatamaliza miaka. Naibu chifu mstaafu alinigusa mkono. "Gwassi," akanong'ona. Hakuhitaji kuongeza. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni iliukusanya ukoo wa Talai, ukoo wa viongozi wa kiroho wa Kipsigis, ikauhamishia Gwassi, kando ya ziwa, kwenye mbung'o na malaria, na huko wakaachwa hadi karibu na uhuru. Ardhi yetu iliyo bora ilikwisha kuingia mikononi mwa walowezi, na kampuni kubwa za chai zilikuwa zimeanza kupanda Kericho tangu miaka ya 1920. Bibi yangu, kogo wangu, alikuwa na hadithi za familia zilizoondoka na ng'ombe na kurudi bila watu. Kwa hiyo pale Nyamata mzee yule na mimi tulijiona tuko upande wa waliotendewa. Ni upande ambao mtu akishaukalia hapendi kuondoka.

Kesho yake tukaelekea magharibi, tukapita Muhanga, tukashuka hadi Karongi kwenye ziwa Kivu, kisha barabara ikaanza kupanda kuelekea Gisovu. Huko, jamani, nilidhani tumerudi nyumbani. Chai imevaa vilima vyote, ukungu unatembea juu yake, baridi ya asubuhi ni ileile ya Kericho, na mbele kabisa chai inakatwa na ukuta mweusi wa msitu, kwao Nyungwe, kwetu Mau. Wachumaji wanapita na vikapu mgongoni. Lori la kijani limesimama kwenye kituo cha majani, karani ananing'iniza kikapu kwenye mizani, watu wanachungulia mshale. Wenzangu wote walitoa simu. Chai ya Gisovu ni miongoni mwa zile zinazosifiwa sana Mombasa, na hapa ndipo tuliposikia tulichofuata: wanachuna majani mawili na chipukizi bila kuchanganya na majani magumu, na majani yanafika kiwandani hayajaungua ndani ya magunia. Hakuna uchawi. Tuliandika.

Mchana tukapanda Bisesero, mwendo mfupi kutoka hapo. Milima hii ilikaliwa na Abasesero, wafugaji Watutsi waliojulikana kwa ukali wa kulinda mifugo. Aprili 1994 maelfu walipanda kilima cha Muyira, wanaume wakajipanga, wanawake na watoto wakakusanya mawe, na kwa wiki kadhaa wakawarudisha nyuma washambuliaji kwa mawe na mikuki. Tarehe 13 Mei likaja shambulio kubwa lenye bunduki na mabomu, likaendelea siku ya pili, na wengi wakaisha. Mwishoni mwa Juni wanajeshi wa Ufaransa walifika, wakawaona manusura wakitoka mafichoni, wakaondoka na kuahidi kurudi. Walirudi baada ya siku tatu. Katikati ya siku hizo tatu waliojitokeza walichinjwa. Kumbukumbu yenyewe imejengwa kupanda mlima: mikuki tisa iliyosimamishwa juu ya rundo la mawe, kisha nyumba tisa ndogo kwa tarafa tisa za mkoa wa zamani wa Kibuye, na njia inayopinda hadi kileleni kwenye makaburi. Wazee wetu walipumzika mara nyingi njiani.

Ni huko juu ndipo mwongozaji alipotuonyesha kwa kidole upande tulikotoka. Mkurugenzi wa kiwanda cha chai cha Gisovu mwaka 1994 aliitwa Alfred Musema. Alikimbilia Uswisi, akakamatwa huko 1995, akapelekwa Arusha mbele ya mahakama ya Umoja wa Mataifa, na tarehe 27 Januari 2000 akahukumiwa kifungo cha maisha kwa mauaji ya kimbari. Mahakama iliridhika kwamba alikuwepo kwenye mashambulio ya milima hii akiwa na Pajero lake jekundu, na kwamba washambuliaji walibebwa kwa magari ya kiwanda, wengine wao wakiwa wafanyakazi waliovaa sare za kiwanda. Rufaa yake ya mauaji ya kimbari ilikataliwa 2001.

Nilikaa kwenye jiwe. Asubuhi ile tulikuwa tumelipigia picha lori la majani. Kiwanda cha chai kina kila kitu ambacho mwenye nia mbaya anakihitaji: magari yanayozijua njia zote za milimani, dizeli kwenye tangi, orodha ya majina ya watu na kambi wanazolala, mkubwa ambaye neno lake halipingwi, na vijana wengi wanaosubiri kuambiwa leo ni kazi gani. Mambo hayo kwetu pia yapo. Nimeishi nayo tangu utotoni na sikuwahi kuyatazama kwa jicho hilo.

Tukiteremka, Mwalimu mstaafu wa kundi letu alimsogelea mwongozaji. Alitaka kujua habari za Kibeho, kambi ya wakimbizi wa ndani, Wahutu wengi wao, ambako Aprili 1995 jeshi jipya la Rwanda liliwafyatulia watu risasi. Serikali ilisema waliokufa ni 338. Mashahidi wa kigeni waliokuwapo walitaja maelfu. "Huko tutapelekwa lini?" Mwongozaji alitembea hatua kadhaa. "Mwalimu wangu, hilo haliko kwenye ratiba." Alisema kwa heshima, wala hakuongeza neno, na Mwalimu hakumsukuma. Simlaumu mtu anayelisha watoto wake kwa kazi hiyo. Lakini sikuweza kuacha kuona kwamba nchi iliyofanya kazi kubwa kuliko zote za jirani zake ya kuchimbua, kuzika, kuandika majina na kusikiliza kesi kiasi cha milioni mbili katika mahakama za vijijini za gacaca hadi zilipofungwa 2012, nayo ina mlima wake isiokupeleka.

Na sisi je? Sisi hatuna hata ratiba.

Safari ya kurudi ilikuwa ndefu, na baada ya Kampala watu waliishiwa habari za chai. Katika kundi letu kulikuwa na mama mmoja Mkisii, ameolewa Merigi, hodari wa kilimo kutuzidi wengi. Alizaliwa katika kambi ya wachumaji kwenye shamba moja kubwa karibu na Kericho, baba yake akiwa mchumaji. Tangu Bisesero hakuwa amesema kitu. Kabla ya kufika Busia alisimama kwenye ujia wa basi, akashika kiti cha mbele yake, akatusimulia Januari 2008. Waliokuja usiku kuchoma nyumba baba yake aliwajua. Wengine alikuwa amepanga nao foleni ya mizani wiki iliyotangulia. Walikuwa na orodha ya nyumba. Mama yake alitoka na sufuria moja na cherehani, sufuria ikaanguka. Walilala kituo cha polisi, wakapakiwa kwenye lori hadi Kisii, na baba yake hakurudi Kericho mpaka alipokufa. "Mimi nimerudi kwa sababu ya mume," alisema, "na hakuna siku hata moja mtu wa huku aliniuliza."

Ndani ya basi lile tulikuwa Wakipsigis karibu wote.

Vurugu zilizofuata uchaguzi wa 2007 ziliua watu 1,133 nchi nzima kwa hesabu ya tume ya Jaji Waki, na kuwang'oa mamia ya maelfu. Kabla yake kulikuwa na mapigano ya 1992. Wetu pia waliuawa; wapo waliopigwa risasi na polisi, na mpakani mwa Sotik na Borabu nyumba ziliungua pande zote mbili. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhiwa kwa rais Mei 2013, na hadi leo mapendekezo yake mengi yamelala kwenye karatasi. Mimi nimezunguka milima ya chai kuanzia Kapkoros hadi Londiani na sijawahi kuliona bango linalosema hapa, mwaka fulani, watu wa kambi hii walichomewa nyumba na majirani zao.

Naibu chifu mstaafu hakukubaliana nami, wala sitamdhulumu kwa kuficha hoja yake. Alisema, "Usiamshe aliyelala, utalala wewe." Alisema Rwanda waliweza kwa sababu upande mmoja ulishinda vita ukashika serikali, kwetu hakuna aliyeshinda, tumeunganika kwa kunyamaza, tunauziana maziwa, tunaoleana, na uchaguzi hauko mbali. Kama lazima tuweke kumbukumbu, alisema, tuanze na ya Mwingereza. Mwaka 1905 Meja Richard Pope-Hennessy aliongoza kikosi cha adhabu dhidi ya watu wa Sotik baada ya uvamizi wa ng'ombe wa Wamaasai, na hesabu inayotajwa ya waliouawa ni watu wapatao 1,850, wanawake na watoto wakiwamo. Kisha Gwassi. Kisha ardhi. Mwaka 2022 waathiriwa wa Kericho walipeleka kesi katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, Strasbourg, na Mfalme Charles alipokuja Nairobi 2023 alilaani ukatili wa enzi hizo bila kuomba radhi. Hiyo, alisema mzee, ndiyo habari ya kuandika kwa herufi kubwa.

Iandikwe. Nitakuwa wa kwanza kuchanga saruji. Ila si ya kuanzia, kwa sababu hiyo haitugharimu chochote. Kila mmoja wetu anaijua kwa moyo na anaisimulia akiwa amekaa upande wa waliotendewa, kama nilivyokaa mimi Nyamata. Bango la kambi ya wachumaji ndilo litakalotutoa jasho, maana waliokwenda usiku ule wapo, wana watoto shuleni, wengine tunakutana nao kwenye kituo cha majani. Na wapo pia waliowaficha watu kwenye maghala ya mahindi kwa siku nyingi wakiwadanganya ndugu zao wenyewe mlangoni; hao nao hawajawahi kutajwa, kwa sababu kumtaja aliyeficha ni kukiri kwamba kulikuwa na aliyetafuta.

Tumekwisha kukutana Merigi, katika ukumbi wa kanisa, wote tuliosafiri na wengine waliosikia. Juu ya uchunaji wa majani mawili na chipukizi tulielewana mapema. Juu ya mabango hatukuelewana: kundi moja linataka 1905 kwanza, jingine 2008, na vijana kadhaa waliuliza kwa ukali kwa nini wao walipie kwa aibu mambo waliyoyakuta. Kikao kimesogezwa hadi baada ya bonasi ya Oktoba. Rasimu ya maneno ya bango la kambi nimeshaiandika, kwa Kiswahili na Kipsigis, na mama yule wa Kikisii ameichukua kuitia katika lugha ya baba yake. Amenirudishia ukurasa wa kwanza akiwa amekata neno moja. Pale nilipoandika kwamba nyumba "ziliungua", ameandika "zilichomwa".